Fundi Asomaye Kosa

Fundi wa kweli wa kompyuta hujulikana siku apt, zana ya kusakinisha na kusasisha programu kwenye Linux, inapogoma. Programu zilipaswa kusasishwa, skrini imejaa mistari ya makosa, na wenye pupa wameshaanza kunakili amri wasizozielewa. Yeye hana haraka. Hupanda juu hadi penye kosa la kwanza, kwa kuwa anajua mengi yaliyo chini yake yamezaliwa na hilo, kisha husoma neno kwa neno.

Nilimtazama mmoja wao katika duka dogo la Kariakoo. Apt ilikuwa ikizikataa orodha za vifurushi vya programu, ikidai muda wa uhalali wake haujafika. Vijana waliokuwapo waliilaumu intaneti, na mmoja alishashika flashi tayari kufomati diski. Fundi aliandika amri moja tu, date. Kompyuta ikajibu kwa tarehe ya miaka mingi nyuma. Betri ndogo iliyo kwenye bodi ilikuwa imekufa, saa ikapotea, na orodha zilizosainiwa juzi zikaonekana ni za siku ambazo hazijafika. Alizima mashine, akabadilisha betri, akaweka saa sawa, akarudia apt update. Orodha zikashuka zote, na kazi za mteja hazikuguswa.

Kufuli nalo lina adabu yake. Apt ikisema kuna shughuli nyingine iliyoshika kufuli la dpkg, programu inayotumiwa na apt kusakinisha vifurushi, mwenye haraka hulifuta faili la kufuli, shughuli mbili zikaandika mahali pamoja na kumbukumbu za vifurushi zikavurugika. Fundi huuliza kwanza nani kalishika. Kwenye Ubuntu, mara nyingi ni masasisho yanayojiendesha yenyewe. Yakingojewa, humaliza na kuliachia. Umeme ukikatika katikati ya kazi, apt yenyewe hutaja amri ya kutumia: dpkg --configure -a. Imeandikwa pale pale, inamsubiri wa kuisoma.

Apt ilitengenezwa na watu waliomheshimu msomaji. Ian Murdock alianzisha Debian, mfumo wa Linux ambamo apt ilizaliwa, mwaka 1993. Apt ikaingia katika toleo la Debian 2.1 mwaka 1999, ikaondoa adha ya kusaka vifurushi tegemezi kimoja kimoja. Kila kinachosakinishwa au kuondolewa, apt hukiandika pamoja na saa yake katika /var/log/apt/history.log.

Siku hizi wangapi hulifungua faili hilo? Seva ikisumbua hufutwa, ikasimamishwa nyingine, na aliyefanya hivyo akasifiwa kwa wepesi. Kazi huendelea, ni kweli, lakini chanzo hakikujulikana, na kesho kitaisumbua mashine ya jirani. Linaloniuma zaidi ni mafundi wazee wanaoondoka bila kijana aliyeketi kando yao akajifunza. Hatukuwanyima vijana vifaa. Tuliwanyima subira, tukawaambia kwamba kutafuta chanzo ni kupoteza muda. Sasa tuna wasakinishaji tele, na ukimtafuta wa kukueleza kilichoharibika, humpati.