Fundi wa Kioo Kidogo

Miongoni mwa kazi za mikono zilizozaliwa katika zama zetu ipo moja ambayo haijapata wa kuisifu kwa kadiri inavyostahiki, nayo ni kazi ya kutia kioo kidogo cha kugusa juu ya kompyuta ya ubao mmoja. Aghalabu huhesabiwa kuwa mchezo wa vijana wenye saa za kupoteza. Mimi naiweka katika ukoo wa mafundi wa saa na wajalidi wa vitabu, kwa kuwa heshima yake yote imo katika kupatanisha: jicho linaona mahali fulani, kidole kinagusa mahali hapohapo, na kati ya viwili hivyo kuna bahari ya hesabu ambayo fundi hana budi kuivuka kwa subira ili mtumiaji asijue kamwe kwamba ilikuwapo.

Kompyuta yenyewe si ngeni tena. Tangu tarehe 29 Februari 2012, Raspberry Pi ya kwanza ilipotiwa sokoni huko Uingereza kwa bei ya dola 35, ubao wenye ukubwa wa kadi ya benki umekuwa ukitenda kazi ambazo kabla yake zilidai kasha zima lenye feni na mvumo. Eben Upton na wenzake wa Cambridge walikusudia vijana wajifunze kuiamuru mashine badala ya kuitazama tu, na bei ile waliifikia kwa kuacha kila kitu ambacho mnunuzi aliweza kuwa nacho nyumbani, kikiwamo kioo. Walakini, ubao unaopima joto la banda la kuku, au unaocheza muziki sebuleni, au unaohesabu nyakati za sala na kuzionyesha ukutani, hauwezi kufuatwa na televisheni kila uendako. Maadamu hauna pa kuonyeshea yaliyomo ndani yake, utabaki kuwa mtumishi mwaminifu asiyeweza kusema. Kioo cha inchi 2.8, ambacho kiganja cha mtu mzima hukifunika chote, ndicho kinachoufungua ulimi wake.

Kazi huanza kwa vidole. Upande mmoja wa ubao zimesimama pini 40 katika safu mbili, nazo zilikuwa 26 katika mbao za kwanza kabla ya mwaka 2014, na kioo kina matundu yanayopaswa kuzipokea. Fundi hulinganisha pembe kwa pembe, akaweka kidole gumba kila ncha, akasukuma kwa zamu, huku kidogo na huku kidogo, bila kuyumbisha, mpaka ule ukaidi mdogo wa chuma ulegee na plastiki ikae chini sawasawa. Lazima ahakikishe kwamba hakuruka safu wala tundu. Pini ya 2 na ya 4 zina umeme wa volti 5, ilhali pini za mawasiliano hazistahimili zaidi ya volti 3.3, na anayekosea kwa tundu moja tu aweza kuuunguza ubao kabla hajaona moshi. Kwa hiyo umeme huunganishwa mwisho, baada ya jicho kupita mara ya pili juu ya kila safu.

Yaliyo chini ya pini hizo yananistaajabisha hadi leo. Waya mmoja hupiga mapigo ya wakati, wa pili hupeleka habari, wa tatu hurudisha jawabu, na nyingine mbili, kwenye pini ya 24 na ya 26, huchagua ni nani anayesemeshwa, kioo chenyewe au ule utando wa kugusa uliolazwa juu yake, ambao mafundi wa simu huuita tachi. Wote wawili husikiliza njia moja, na kila mmoja hunyamaza zamu ya mwenziwe ifikapo. Fauka ya hizo kuna waya mmoja zaidi ambao kazi yake ni kukiarifu kioo iwapo kinachokuja ni amri au ni rangi, kwa kuwa tarakimu ni zilezile na bila ishara hiyo kioo kingepaka amri kama picha na kutii picha kama amri.

Na picha ni mzigo mzito kuliko inavyodhaniwa. Kioo cha nukta 320 kwa 240 kina nukta 76,800, na kila nukta huhitaji biti 16: 5 za wekundu, 6 za kijani na 5 za buluu. Kijani kimepewa moja ya ziada kwa sababu jicho la binadamu hubainisha tofauti zake vizuri zaidi. Jumla yake ni biti 1,228,800 kwa picha moja, zote zikipita mojamoja katika waya mmoja. Mapigo yakiwa milioni 32 kwa sekunde, kioo hakiwezi kupata zaidi ya picha 26 hivi katika sekunde hiyo. Anayetaka sinema atafute kioo kingine. Anayetaka saa, kipimo, orodha au kitufe amepata zaidi ya haja yake.

Mara ya kwanza umeme unapofika, kioo huwaka cheupe, kitupu, bila herufi wala kivuli. Mwanafunzi hudhani kimekufa. Kwa kweli weupe ule ni habari njema: taa ya nyuma imepata umeme, bali mfumo wa kompyuta haujaambiwa kwamba una mgeni. Kumtambulisha mgeni huyo ni suala la mstari mmoja au miwili katika faili la mipangilio lililo ndani ya memori kadi, ukitaja aina ya kioo, kasi ya mapigo, na upande ambao picha ielekee. Wepesi huo ni hisani tuliyotendewa. Programu nyingi za kuendeshea vioo hivi ziliandikwa na Noralf Trønnes na wenzake, zikaingizwa katika kiini cha Linux mwaka 2015, na tangu hapo fundi aliye mbali na kila kiwanda ameweza kukiamsha kioo bila ya kumwomba mtu ruhusa. Wapo wauzaji wanaotoa programu ya kufanya yote kwa mpigo mmoja, ikabadilisha mafaili kumi ambayo mnunuzi hakuyaona. Siipendi njia hiyo. Mstari ulioandikwa kwa mkono wako utaufahamu siku utakapoharibika. Ulioandikwa gizani utakufanya ufute kila kitu na kuanza upya.

Kisha huja sehemu ambayo kwayo nimeandika insha hii. Wazo la kioo kinachohisi kidole lilielezwa na E. A. Johnson huko Malvern, Uingereza, mwaka 1965, na aina inayotegemea mkandamizo ikasitawishwa Marekani na Sam Hurst na wenzake katika miaka ya 1970. Aina hiyo ya pili ndiyo iliyo juu ya vioo vyetu vingi vidogo. Ni tabaka mbili zinazopitisha umeme, ya juu ya plastiki inayopinda, ya chini ya kioo, zikitengwa na chembe ndogo zisizoonekana kwa urahisi. Kidole kikikandamiza, tabaka hukutana. Umeme hupitishwa katika tabaka moja na kupimwa kwa nyingine, kisha kinyume chake, na jawabu hutoka kama tarakimu mbili kati ya 0 na 4095. Tarakimu hizo hazijui lolote kuhusu picha iliyo chini yake. Huenda ukingo wa kushoto ukasomeka 250, wa kulia 3900. Huenda juu ikawa chini, na upana ukachukua nafasi ya urefu.

Hapo fundi hukifunza kioo kujijua. Programu ya vipimo huchora msalaba mdogo katika pembe moja na kumtaka auguse, kisha pembe nyingine, mpaka pembe zote nne na katikati. Kwa hesabu, mahali patatu pangetosha kupata tarakimu sita zinazohitajiwa ili kugeuza kila mguso kuwa nukta; pale pa ziada hupunguza tetemeko la mkono. Fundi mwema hatumii ncha ya kidole bali kijiti chembamba butu, hushikilia kidogo kabla ya kuachia, na hukaa vilevile mtumiaji atakavyokaa, kwa sababu utando una unene, na jicho linalotazama kwa upande huuona msalaba pasipo mahali pake. Ukipima umesimama na mwenzio akatumia ameketi, kila mguso wake utakosea kwa upana wa nywele kadhaa, naye ataulaumu ubao.

Wako watakaosema kwamba vioo vya simu havina taabu hiyo, nao wanasema kweli. Fundi wa Kariakoo au wa Luthuli Avenue hubandika tachi mpya na simu ikatii papo hapo, na kioo rasmi cha inchi 7 cha Raspberry Pi, kilichotolewa mwaka 2015, huhisi vidole kumi kwa pamoja bila kupimwa. Ni vyombo adhimu. Hata hivyo, kwa anayejifunza nitazidi kukipendekeza kile cha mkandamizo, maana kinamlazimisha kuliona pengo lililo baina ya mguso na maana yake, na kuliziba mwenyewe.

Kikisha kutii, bado kuna la kuamua. Upana wa kioo hicho ni kama milimita 57 na urefu wake 43. Ncha ya kidole hufunika milimita 10 hivi, yaani nukta zisizopungua 56. Ukigawanya, utapata nafasi tano kwa nne, vitufe 20 na si zaidi, na hapo hujaacha mahali pa kuandika saa wala joto. Mimi huanza na vinne. Cha kwanza, kabla ya muziki, kabla ya vipimo, huwa ni cha kuzimia, kilichowekwa katika pembe isiyogusika kwa bahati mbaya, kwani ubao huu unaochomolewa umeme ghafla huku ukiandika katika memori kadi waweza kuyaharibu yote yaliyomo, na mwenye nyumba asiye na kibodi hana njia nyingine ya kuuaga kwa salama.