Mpaka Uliowekwa Upande Mmoja: Tahakiki ya Hati ya Vatikano ya Mwaka 2001

Hati ya Taasisi ya Kipapa ya Maisha kuhusu kupandikiza viungo vya wanyama kwa wanadamu, iliyotolewa mwaka 2001, yastahili kusomwa na wachungaji wetu. Inawajali wagonjwa wafao wakingoja figo au moyo, inakataza kumtesa mnyama pasipo sababu, na inaruhusu viungo vya nguruwe vitumike, kwa kuwa mwanadamu amepewa nafasi ya pekee katika uumbaji. Hata hivyo ubongo na tezi za uzazi visihamishwe, kwani hubeba utambulisho wa mtu.

Udhaifu wa hati umo katika mpaka huo. Unaelekea upande mmoja: kiungo kilichokamilika kitokacho kwa mnyama kwenda kwa mtu. Hati iligusa pia jeni za mwanadamu kutiwa katika mnyama, lakini jeni si seli nzima iliyo hai. Seli shina hutolewa ndani ya kiinitete kichanga, kabla hakijajishikiza katika mji wa mimba, zikakuzwa maabara. Za panya zilipatikana mwaka 1981, na za mwanadamu mwaka 1998. Za nguruwe ziliwasumbua watafiti miaka mingi, hata zilipotangazwa zilizo imara mwaka 2019. Nao watafiti wa Taasisi ya Salk, Marekani, walitangaza mwaka 2017 kwamba wametia seli shina za mwanadamu katika viinitete vya nguruwe, vikakua wiki tatu hadi nne tumboni mwa nguruwe jike. Seli za kibinadamu zilizoonekana humo zilikuwa chache mno.

Uchache huo hautuondolei swali. Seli shina si ubongo wala si figo bado. Yaweza kuwa kimojawapo. Kanuni inayohesabu viungo itailindaje?

Hoja yetu si unajisi wa nguruwe, Petro alikwisha kufundishwa hilo (Mdo. 10). Hoja ni uwakili. Mwanzo 2:15 yaeleza utawala kuwa kulima na kutunza, naye Luther, katika Katekisimo Ndogo, amweka mwanadamu pamoja na viumbe vyote mbele ya Muumba. Hati ingalianzia hapo, ingaliuliza si kiungo gani kinahama tu, bali ni kiumbe gani tunakifanya, na nani atawajibika kwa ajili yake. Mchungaji aulizwaye na mgonjwa wa figo asimnyime tumaini; lakini asimpe hati hii kana kwamba imemaliza neno.