Mpaka wa Silabi na Mpaka wa Mofimu: Tahakiki ya Ugawaji wa Maneno kwa Idadi, kwa Kurejelea Mazingira ya Babati

Silabi ni kipashio cha matamshi. Mofimu ni kipashio cha maana. Wanasarufi wanakubaliana juu ya tofauti hiyo, lakini hufifia pale zoezi linapomtaka mwanafunzi ataje idadi ya vipashio pekee.

Neno “waliowafundishia” linadhihirisha udhaifu huo. Kisilabi ni wa-li-o-wa-fu-ndi-shi-a. Kimofimu ni wa-li-o-wa-fund-ish-i-a. Idadi ni nane pande zote mbili, na kati ya mipaka saba, mitano inalingana. Miwili inayotofautiana ndiyo yenye hoja: mzizi -fund- na kiambishi cha usababishi -ish- huishia na konsonanti, ilhali silabi asilia ya Kiswahili, isipokuwa ile ya nazali, huishia na irabu. Kwa hiyo konsonanti za mwisho za mofimu hizo huhamia silabi inayofuata. Katika “wengi” (wa-ingi), mpaka wa mofimu umezama ndani ya irabu e, na mgawanyo we-ngi hauuoneshi kabisa. Hali hii si ya Kiswahili pekee: katika Kifaransa, inhabituel hutamkwa i-na-bi-tuel, ingawa kiambishi chake ni in-.

Mjini Babati suala hili lina uzito zaidi. Wengi wa wenyeji wa eneo hilo ni wazungumzaji wa Kigorowa na Kiiraqw, lugha za Kikushi zilizo na uhusiano wa karibu. Mous (1993) anabainisha kuwa Kiiraqw kina silabi funge. Jina la mahali Bashnet, wilayani Babati, hugawika Bash-net. Kanuni ya silabi huru ikishikiliwa, t ya mwisho inabaki bila irabu. Maneno ya mkopo kama “labda” (lab-da) na “daktari” (dak-ta-ri) nayo yanaidai kanuni hiyo ufafanuzi.

Inawezekana, basi, mwanafunzi aliyelelewa katika lugha hizo akaona fund-ish kuwa silabi halali. Akiandika “nane”, atapata alama bila kosa lake kubainika. Akiandika mgawanyo wenyewe, atakosolewa kisilabi, ilhali uchanganuzi wake wa kimofimu ni sahihi. Katika hali zote mbili, alama haipimi anachokijua.

Kanuni ya silabi huru haipaswi kutupwa, kwani inaeleza sehemu kubwa ya msamiati. Kinachohitajika ni zoezi linalodai migawanyo yote miwili, sambamba, pamoja na sababu ya kila mpaka usiolingana.