Nukta Kando ya Swali

Mdogo wangu aliganda kwenye 158 tangu Januari hadi Aprili. Kila Jumamosi, hapa Minneapolis, alikaa kwenye meza ya jikoni akafanya jaribio zima la LSAT, mtihani wa kuingilia vyuo vya sheria Marekani, na kila Jumamosi ikatoka 157, 158, 158, 159. Alama huanzia 120 na kuishia 180, na LSAC, wenye mtihani, wanakiri kwamba alama ya mtu inaweza kuyumba kama 3 juu au chini bila yeye mwenyewe kubadilika. Basi namba zile zote zilikuwa namba moja. Alikuwa akitwanga maji kwenye kinu.

Aprili akapunguza majaribio, akaanza kazi nyingine, na mimi nikirudi kutoka zamu ya usiku nimeitazama kwa miezi bila kuichoka.

Sehemu moja ya mtihani ina dakika 35. Kwenye hoja za mantiki maswali hufika kama 25, kwa hiyo kila swali lina chini ya dakika moja na nusu. Saa ikikimbia, swali lolote analolijibu kwa wasiwasi huandika namba yake kwenye karatasi ya rafu, akaitia nukta. Muda ukiisha hagusi majibu. Anachemsha chai, anarudi kwenye nukta zake bila saa, anajibu upya, na kwa kila chaguo kati ya matano anaandika kwa nini analikataa au analichukua. Ndipo afungue majibu.

Alfajiri moja swali moja lilimkalisha dakika 40. Umbo lake lilikuwa hivi: bandari iliwekewa taa mpya, mwaka uliofuata ajali zikapungua, basi taa ndizo zilizozipunguza. Hoja hii inasimama juu ya nini? Alikuwa amechagua kwamba taa mpya zina mwanga mkali kuliko za zamani. Jibu lilikuwa kwamba meli zinazoingia bandarini hazikupungua sana.

"Dada, hebu kaa," akaniambia. "Tukanushe. Tuseme taa mpya hazina mwanga mkali kuliko zile. Hoja imekufa?"

Nikasema haijafa, labda zimewekwa mahali panapoonekana zaidi.

"Haya, tuseme meli zilipungua nusu."

Nikanyamaza.

"Umeona? Imekufa."

Kwenye daftari hakuandika jibu sahihi. Aliandika kwa nini alilipenda lile la makosa: *Linaisaidia hoja. Nimeulizwa hoja inasimama juu ya nini, sikuulizwa nini kinaisaidia.* Daftari lote limejaa sentensi za namna hiyo, na naona thamani yake inapita kitabu chochote alichonunua.

Mtihani ni wa Kiingereza, lakini hunieleza kwa Kiswahili, na humo ndimo matundu yanamoonekana. Neno la Kiingereza aliweza kulipita kwa mazoea. La Kiswahili inambidi alitafute. "Mwenye tiketi ataingia." "Ataingia mwenye tiketi tu." Kwa sentensi ya pili unaweza kuwa na tiketi mkononi na bado ukazuiwa mlangoni. Alizirudia zote mbili akikoroga chai, polepole, kisha akafuta ukurasa mzima wa maelezo yake ya wiki iliyotangulia.

Ninachokiheshimu kuliko vyote ni jinsi anavyoyatendea maswali aliyoyapata. Likiwa na nukta na sababu zake hazikukaa sawa, analihesabu ni kosa, ingawa mashine imempa alama. Mimi nisingeweza. Alama ukishapewa, mkono wenyewe hufunga daftari.

Juni ilitoka 161, ikarudi 160, kisha Jumamosi moja ikatoka 164. Nilipiga kigelegele, nikaanza kutafuta funguo ili tutoke tukale. Yeye alikuwa ameshainamia daftari. Aliandika namba ya swali la 17, ambalo alikuwa amelipata, na mbele yake neno moja: *Nilibahatisha.*