Msikilizaji Aliye Ndani ya Hadithi

Wafundishao sanaa ya hadithi wana kanuni zao: pawe na mhusika mmoja mkuu, mgogoro ukue hata ufike kilele, msimulizi ajifiche, na jambo lililokwisha kusemwa lisirudiwe. Kanuni hizi zina manufaa, wala hapana sababu ya kuzidharau. Lakini zina mahali zilipozaliwa: zilitokana na vitabu vya watu fulani, walioandikia watu fulani. Azishikaye kuwa mizani ya ulimwengu mzima ni kama mtu apimaye nguo kwa pishi. Pishi ni kipimo cha haki, ila nguo si nafaka.

Mfano mwema wa jambo hili ni Zora Neale Hurston, Mmarekani mweusi aliyezaliwa mwaka 1891 na kulelewa Eatonville, katika jimbo la Florida, mji uliotawaliwa na watu weusi wenyewe. Alisomea elimu ya mila za watu katika chuo cha Barnard, New York, akiongozwa na Franz Boas, kisha akarudi kwao kukusanya ngano. Mwaka 1937 ilitoka riwaya yake, Their Eyes Were Watching God. Mwaka huo huo Richard Wright, naye mwandishi mweusi, aliihukumu vikali katika gazeti la New Masses. Alisema haina jambo zito, na kwamba mwandishi awachezesha watu wake ili wasomaji weupe wachekelee. Miaka ikapita, kitabu kikasahauliwa, na Hurston akafa maskini mwaka 1960. Mwaka 1973 Alice Walker alikwenda kulitafuta kaburi lake akalitia jiwe. Mwaka 1978 riwaya ikachapishwa upya, na tangu hapo yasomwa vyuoni.

Swali la Wright lilikuwa swali la haki: hadithi hii aambiwa nani? Kosa lake lilikuwa kulitafuta jibu sokoni, kwa wanunuzi wa vitabu, na hali jibu limo kitabuni. Riwaya yaanza jioni. Janie arudi mjini peke yake, na watu walioketi mbele ya nyumba zao wamteta apitapo. Awasalimu tu, akapita. Kisha Pheoby, rafiki yake, amjia na bakuli la wali, wakaketi wawili nyuma ya nyumba gizani. Hapo ndipo Janie asimuliapo maisha yake, na masimulizi hayo ndiyo karibu kitabu kizima. Msikilizaji ni mwanamke wa mji huo huo, ayajuaye maneno yake na desturi zake. Ndiyo sababu lugha ya watu yaenda bila kufasiriwa, na mizaha ya barazani haiombi radhi. Mtu hamfasirii rafiki yake kile wakijuacho wote wawili.

Sehemu iliyowatatiza wahakiki yathibitisha jambo hili. Mwishoni Janie ashtakiwa kwa kumwua Tea Cake, mumewe, aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa wakati wa gharika akataka kumpiga risasi. Hakimu ni mweupe na wazee kumi na wawili wa baraza ni weupe. Watu weusi wamesimama nyuma, nao wamemchukia. Msomaji angoja hotuba. Haipati. Msimulizi atoa muhtasari tu wa yale aliyoyasema Janie. Kwa kanuni za kawaida huu ni upungufu mkubwa, kwa maana sauti ya mhusika mkuu imezimwa palipo kilele. Lakini ukimtazama msikilizaji, mambo yageuka. Mahakama yataka kujua kama aliua kwa haki au kwa dhuluma, basi. Pheoby ataka kujua aliishije. Mahakama yapewa muhtasari. Rafiki apewa kitabu.

Vivyo hivyo kwa nafsi ya usimulizi. Wengine wameuliza kwa nini Janie, akisha kuanza kusema, haendelei kusema "mimi", bali hadithi yapita kwenye nafsi ya tatu. Jibu moja limo humo humo: Janie amruhusu Pheoby awaambie wengine akipenda. Hadithi iliyokwisha kukabidhiwa rafiki si ajabu isimuliwe kama iliyo kinywani mwa rafiki.

Somo hili lawahusu wasomaji wa Kiswahili pia, maana kipimo kile kile hutumiwa nyumbani. Husemwa mara nyingi kwamba Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1951, ina wahusika wasio na nyama, wenye majina ya sifa, na safari za wajumbe zirudiazo mwendo mmoja. Yafaa kwanza kuuliza ni nani asikilizaye. Karama yuko mbele ya baraza la nchi, ameshtakiwa kwa kufundisha sheria, na mshitaki wake ni Waziri Majivuno. Ajitetea kwa kuwasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa kuitafutia nchi manufaa, wakarudi, wakalipwa kifungo. Mjumbe mmoja aliyefungwa aweza kuitwa bahati mbaya. Sita ni desturi ya serikali. Marudio hayo basi ndiyo ushahidi wenyewe. Na majina kama Buruhani na Fadhili yafaa mahali panapopimwa matendo ya nchi, si siri za nafsi ya mtu mmoja.

Hii haina maana kwamba kila kosa limesamehewa. Mwenye kuleta ushahidi naye huhukumiwa: je, kila shahidi aongeza neno, au wa nne arudia tu la wa tatu? Msomaji aonaye kuwa baadhi ya safari za Kusadikika zalemea ana haki ya kusema hivyo, na hukumu yake itakuwa na nguvu zaidi, kwa kuwa ameipima nguo kwa dhiraa.

Mtambaji wa ngano wa pwani asemapo "Paukwa", hungoja kwanza. Asipoitikiwa "Pakawa", haanzi. Mhakiki aifunguapo riwaya na asikilize kwanza ni nani aitikiaye.