Mzimu Wenyewe Ukiibwa

Bwana Msa ana kiko, ana rafiki yake Najum, na ana dharau kidogo kwa yeyote anayeogopa mashetani. Ndivyo Muhammed Said Abdulla alivyotuletea mpelelezi wake katika Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya iliyotoka mwaka wa 1960. Maiti ya tajiri Bwana Ali inakutwa mzimuni. Watu wanatetemeka. Msa anauliza nani alikuwa wapi saa ngapi, na nani alifaidika.

Bado ni kitabu tamu. Nilikimaliza ndani ya matatu ya Kitengela, jam ya Mlolongo ikinisaidia, na Kiswahili chake cha Unguja kilinifanya nione aibu na changu. Lakini kuna kitu kinanikwaruza. Mzimu katika riwaya hii ni mahali pa kutupia maiti tu. Ni mandhari ya kutisha. Msa akishaonyesha kuwa aliyeua ni binadamu kama wewe, mzimu hauna kazi tena. Sasa je, aliyeuawa akiwa ni mzimu wenyewe?

Si swali la kifalsafa. Lilitokea hapa kwetu, Kilifi. Mwaka wa 1985 mtafiti Monica Udvardy alimpiga picha mzee wa Kigiriama akiwa kando ya vigango viwili vilivyosimamishwa kwa ajili ya ndugu zake waliokufa. Kigango ni nguzo ya mbao iliyochongwa kwa heshima ya mwanachama wa Gohu, na inafaa kuachwa palepale mpaka iozwe na mvua na mchwa. Muda mfupi baadaye vigango vile vikaibwa. Miaka ikapita. Mwaka wa 1999, kwenye kongamano la wasomi huko Marekani, Udvardy akaona picha ya kigango katika slaidi za mwenzake Linda Giles na akakitambua. Kimoja kilikuwa kwa makumbusho ya chuo kikuu Illinois, cha pili Hampton, Virginia. Kimoja kilirudi 2006, kingine 2007.

Ukimpa mwandishi wa riwaya hiyo story, atasema imetiwa chumvi. Picha moja, slaidi moja, na mpelelezi ambaye hana hata bunduki!

Ila mimi kinachonivuta zaidi ni sheria. Wapenzi wa hadithi za mahakamani wanajua raha ya kipengele kidogo kinachopindua kesi nzima. Sisi tunacho. Sheria yetu ya mambo ya kale ya 1983 ilisema kitu cha kale ni kilichotengenezwa Kenya, au kuingizwa Kenya, kabla ya 1895. Vya baada ya hapo vilihitaji waziri avitangaze kwanza ndipo vilindwe. Sasa mchukue babu wa mtu aliyesimamishiwa kigango miaka ya 1950. Kwa familia yake, huyo ni ndugu aliye hai kwa namna yake. Kwa kitabu cha sheria, ni ubao wa juzi. Na mfanyabiashara anajua tofauti hiyo kuliko wakili wako. Gene Hackman, yule mwigizaji, ni kati ya waliowahi kuvimiliki. Hakuvunja nyumba ya mtu, alinunua dukani. Kesi ya nani basi, na unamshtaki nani? Kijana wa kijijini aliyeuza kwa njaa? Dalali wa Mombasa? Mteja wa Hollywood?

Bwana Msa angemkamata yule kijana na kuondoka, na hapo ndipo ninapomwacha. Upelelezi wake unaishia kwa mtu mmoja mbaya. Hii kesi haina mtu mmoja mbaya, na siasa ndiyo imeifunga. Mwaka wa 2019 makumbusho ya Denver yalirudisha vigango 30. Vikafika uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta na kukwama kwa sababu ya ushuru. Serikali yetu ilitaka kodi ya forodha kwa maiti wetu wenyewe. Hiyo sura ningeiandika kwanza, na ningeiandika kama kichekesho.

Huku Kajiado tuna sura nyingine. Mwaka wa 2023 makumbusho ya Pitt Rivers, Oxford, yalitoa ng'ombe 49 kwa kila familia katika familia za Kimaasai za Kenya na Tanzania ambazo vitu vyao vitakatifu vilikuwa kwenye makabati yao. Kimojawapo ni orkatar, bangili ambayo baba humwachia mwanawe. 49 ndiyo idadi ambayo mila ya Maa hudai ukiua mtu. Hakuna hakimu aliyeandika hukumu hiyo. Kuna watu hapa Kitengela wataniambia ni ng'ombe tu, ni picha ya magazeti. Sawa, lakini angalia kosa lililolipiwa: si wizi, ni mauaji. Hiyo ndiyo tafsiri ya sheria ambayo 1895 haikuweza kuipata.

Niliacha chuo kabla ya kufundishwa riwaya ya upelelezi huwa na kanuni ngapi. Ninachojua ni kwamba waandishi wetu wa Kiswahili wanapenda maiti ya bosi, mpango wa kando na bastola. Nataka wakili wa Kajiado, msichana wa Kimaasai, ambaye kutwa anapigania ploti za watu mahakamani. Siku moja ofisini kwake anaingia nyanya wa Kigiriama aliyesafiri usiku kucha kwa basi. Anafungua mkoba, anatoa picha, anauliza: huyu ni kaka yangu, nimshtakie wapi?