Sosi ya maembe: dakika moja inatosha

Maembe yakiiva kando ya Ziwa Tanganyika, kuanzia Baraka hadi rasi ya Ubwari, shida si kuyapata bali kuyamaliza. Ndoo inaingia nyumbani asubuhi, na kufikia jioni robo yake imeshalainika na nzi wameshapiga hodi. Njia ambayo wengi wanaijua ni konfitiri: maembe, sukari, mbabula yenye makala mengi, na saa nzima ya kukoroga. Kinachotoka ni kitu cha rangi ya kahawia, kizito, kinachonukia sukari iliyoungua kuliko embe. Kupaka mkate, sawa. Lakini ukitaka kukimwaga juu ya andazi la moto, wali wa maziwa au ndizi ya kukaanga, kinang'ang'ania kijiko.

Kosa liko kwenye lengo. Konfitiri hupikwa ili ikae miezi, kwa hiyo maji hupunguzwa mpaka sukari ifike karibu asilimia 65, kiwango ambacho vijidudu vingi hushindwa kuzaliana. Sosi hupikwa iliwe leo. Haihitaji sukari hiyo yote wala moto huo wote. Anayeipika kama konfitiri analipa gharama ya kuhifadhi kitu ambacho hakitafika kesho.

Hata konfitiri yenyewe, kwetu huharibika kwa sababu moja ambayo vitabu vya Kifaransa havituambii. Vinaandika kwamba imeiva ikifika digrii 105 hivi. Hesabu hiyo ni ya mtu anayepika usawa wa bahari, ambako maji huchemka kwa digrii 100. Uso wa Tanganyika uko mita 770 na kidogo juu ya bahari, hivyo maji ya Baraka huchemka kwenye digrii 97 na nusu, na ukipanda milimani kwenda Fizi yenyewe huchemka mapema zaidi. Kinachohesabika ni ile tofauti ya digrii 5 juu ya mchemko wa maji pale ulipo. Kwa Baraka ni digrii 102 na nusu. Anayesubiri 105 anakausha maji yaliyopaswa kubaki, na chungu chake kinageuka peremende. Ni kweli kwamba jikoni kwetu kipimajoto ni adimu, lakini jicho lililozoea kungoja "ikamate vizuri" hufanya kosa lile lile.

Basi kwa nini tusiache moto kabisa? Embe lililopondwa bila kupikwa ndilo lenye harufu kamili, maana harufu ya tunda huruka na mvuke. Kila dakika ya mchemko inaipeleka barazani kwa jirani. Mpishi wa hoteli mwenye friji na maji safi ya bomba angeponda, angechuja, angemaliza. Sisi tunaishi kwenye mwambao ambao kipindupindu kimeuzoea miaka mingi, kuanzia Uvira kushuka hadi Fizi, na maji ya kuoshea matunda mara nyingi ni ya ziwa. Tunda lililomenywa kwa mikono na kupondwa kwenye bakuli lililosuuzwa kwa maji hayo ni hatari, hasa likipewa watoto.

Hapo ndipo ufundi wote ulipo. Moto unahitajika kwa ajili ya usalama, na moto huo huo unaua harufu. Lakini kazi hizi mbili hazihitaji muda sawa. Maji yakichemka kwa nguvu dakika moja tu, hata kwenye mwinuko wetu, kijidudu cha kipindupindu kinakufa. Harufu ya embe haimalizwi na dakika moja. Inamalizwa na arobaini. Kwa hiyo sukari ipewe moto mrefu, na embe lionjeshwe tu.

Nilifanya hivi. Maembe yalioshwa kwanza kwa maji yaliyochemshwa, yakamenywa, nyama yake ikapata nusu kilo. Maembe yetu mengi yana nyuzi, kwa hiyo niliyaponda kwa mwiko, kisha nikayapitisha kwenye chujio la chai nikikwangua kwa mgongo wa kijiko. Ni kazi ya mkono, na inachosha, lakini ndiyo inayotenganisha sosi na uji. Pembeni, kwenye sufuria, nilitia vijiko vitano vya supu vya sukari, nusu kikombe cha maji na ganda la ndimu moja. Sharubati hiyo ilichemka mpaka povu dogodogo la mwanzo likawa povu kubwa, zito, linalopasuka polepole. Dalili hiyo inaonyesha kuwa maji mengi yameshaondoka.

Nikatoa ganda, nikamimina embe lote kwa mara moja, nikakoroga mpaka chini. Ilipochemka katikati, si pembeni tu, nikahesabu hadi 60. Nikaongeza maji ya ndimu, kijiko kimoja na nusu, na chumvi ya kubana kwa vidole viwili. Nikafunika, nikaweka sufuria kwenye beseni la maji baridi ili joto lisiendelee kupika.

Jambo la kuangalia ni kuepua mapema. Sosi ikiwa moto huonekana nyepesi kuliko itakavyokuwa. Tone moja kwenye sahani baridi, pitisha kidole katikati: njia ikibaki wazi sekunde mbili tatu kisha ikajifunga taratibu, imeiva. Ikibaki wazi moja kwa moja umeshavuka. Ongeza maji ya moto kijiko kimoja.

Matunda mengine yanadai hesabu nyingine. Embe lina nyama inayojishikilia yenyewe, lakini nanasi na marakuja ni maji matupu. Kwa nanasi, kamua, chemsha juisi peke yake mpaka ibaki nusu, ndipo urudishe nyama iliyopondwa kwa ile dakika moja. Dakika hiyo ina faida ya pili: nanasi bichi lina kimeng'enya kinachovunja protini, na likikaa na maziwa huyafanya machungu. Mchemko unakizima.

Marakuja inataka kitu cha kuikamata, na tunacho tele: muhogo. Lakini si ule unga wa bugali. Muhogo uliolowekwa na kuchachuka huacha harufu yake kwenye sosi, na nyuzi zake huitia ukungu. Kinachotakiwa ni wanga: muhogo mtamu, mbichi, uliokwaruzwa, ukakamuliwa kwenye maji mengi, maji yakaachwa yatulie. Unga mweupe unaokaa chini ndio huo. Yale maji ya juu mwaga. Kijiko kimoja cha chai kwa kikombe cha juisi kinatosha, kikikorogwa kwanza na maji baridi. Ukikitia kikavu kwenye chungu cha moto utapata mabonge. Na usikichemshe sana, kwa sababu ukali wa marakuja hukata wanga na sosi hurudi kuwa maji.

Neno moja kuhusu chombo. Sufuria ya kila siku imepika mawese na ndakala, na harufu hiyo haiondoki kwa sabuni peke yake. Isugue kwa majivu na ganda la ndimu. Kama unayo ile ya enameli, nyeupe yenye ukingo wa buluu, itumie, kwa sababu tindikali ya matunda hula aluminiamu na kuacha ladha ya chuma.

Bila friji, sosi hii ni ya siku moja. Iliyobaki jioni ichemshwe upya na iliwe usiku huo huo. Sikuona hasara. Nusu kilo ya nyama ya embe ilitosha mandazi ya watu sita, na mbabula ilipobaki wazi makala yalikuwa bado mekundu. Nikabandika juu yake birika la chai.